Mhesabu Mizunguko wa Batamzinga

Sikukuu ilikaribia, na Batamzinga alikuwa amenona. Akajiwekea shindano la siku tatu: kulizunguka banda mara hamsini kila asubuhi.

"Nihesabie, ndugu yangu. Peke yangu nitakata tamaa," alimwambia Jogoo, aliyependa kusikia sauti yake mwenyewe. "Mahindi yangu utakula wewe."

Jogoo akawa anahesabu na kula. Siku tatu zilipokwisha, Batamzinga akaanza shindano jingine, kisha jingine.

Siku ya sikukuu Bi Zamda, mwenye banda, aliingia bandani, akawapima uzito kwa mkono. Alipoona Batamzinga amekonda, akamrudisha chini. Jogoo alipobebwa kichwa chini, akalia, "Ndugu yangu, kumbe ulijua?"

Batamzinga alikwisha kumgeukia Kanga. "Dada, wewe unaweza kuhesabu mpaka hamsini?"