Chai ya Mkawasi
Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, siku ambayo Mlinganishi, ile mashine inayopima sheria za nchi zote na kuwachagulia wakubwa iliyo bora, ilipiga marufuku makaburi ya nyumbani. Chifu alimkuta Mzee Mwakio uani, akimmiminia marehemu mkewe, Mkawasi, chai ya kwanza juu ya kaburi, kama kila asubuhi.

"Mzee wangu, Mkawasi atahamishwa. Ndiyo sheria bora duniani."

"Bora kwa nani? Nyie hata kufikiri mmekodisha!"

"Basi iulize mwenyewe," chifu akasema, akimpa simu.

Mwakio akaiuliza mashine: "Huko ulikoitoa sheria hii, mgane akiamka humpa nani chai ya kwanza?"