Mjapani wa Jémima

Mjapani alitoa jino lake la bandia la mbele, akalifunga kwenye leso, ndipo akaanza kula bugali.

Maman Rolande alisukuma sahani yake kando. Mate yalimjaa mdomoni, na si ya njaa. Tangu adhuhuri alikuwa akimtazama mtu huyu sebuleni kwake, hapa Schaerbeek, Brussels. Masikio yamepondeka kama unga uliokandwa ukaachwa, pua imepinda, shingo inanuka dawa ya kuchua. Mchezaji wa raga! Juzi mjukuu wake Jémima alimwonyesha mchezo wenyewe kwenye simu: wanaume wazima wanaingiza vichwa katikati ya matako ya wenzao, wanasukumana. Siku ile hakula tena.

Na sasa huyo huyo amekuja na zawadi. Kitenge kwa bibi, chupa ya pombe kwa Hilaire, baba wa msichana, na ombi la kukaa na wazee. Jémima, anayewachua wachezaji misuli pale klabuni, aliapa kwamba ni rafiki tu. Nani amwamini? Mwanamume haleti kitenge kwa bibi wa rafiki. Posa ilikwisha kuingia nyumbani.

Neno la mwisho lilikuwa la Maman Rolande. Hilaire alikuwa mwanawe wa pekee, aliyeambiwa tangu utoto kwamba baba yake alikufa kabla hajazaliwa. Hakuwahi kumpinga mama. Naye mama alikwisha kuamua: atamkataa mtu huyu leo, mbele ya wote, hata mjukuu amchukie.

"Bon, aeleze ukoo wake," alisema tonton Éliézer, jirani wanayemwita mjomba, aliyealikwa awe msemaji wa familia.

Jémima akatafsiri. Mjapani, jina lake Kenta, alizaliwa Fukuoka, Japani. Baba yake anauza matairi. Raga alianza akiwa na miaka sita. Alivunjika mkono mara mbili, akaendelea tu. Mwaka jana klabu kubwa ya Ufaransa ilimtaka, yeye akachagua hii ndogo ya Brussels.

"Brussels, na mvua hii?" Hilaire akacheka.

"Ah, Hilaire! Ukicheka, macho yanapotea kama ya mukwe yako!" tonton Éliézer akamtania. "Mumeshaanza kufanana!"

Wote wakacheka. Maman Rolande hakucheka.

"Na babu yake?" akauliza ghafla.

"Alikuwa fundi wa mgodi, koko. Amekufa mwaka huu," Jémima akamjibu bibi yake.

Maman Rolande alisukuma kiti nyuma. Akasimama.

"Mutoto wangu sitamupa! Uchafu huu urudi kwao na kitenge yake!"

"Koko! Nilikuambia ni rafiki tu..." Jémima akalalamika.

"Nyamaza!"

Kenta hakungoja tafsiri. Alifuta vidole, akatoa mfukoni picha ya zamani ya babu yake, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Ndani yake kijana wa Kijapani mwenye kofia ya mgodi wa kule alikozaliwa Hilaire amepakata mtoto mchanga. Aliyesimama ubavuni, kichwa begani kwake, anacheka, ni Maman Rolande wa miaka kumi na tisa.

Kisha Kenta akampita Jémima, akapiga magoti mbele ya Hilaire, na kwa Kiswahili alichokikariri kwa miezi akasema:

"Jambo, baba mukubwa."