Rangi ya Mara ya Pili

Mafundi walipokwenda kula, Ambrose alibaki peke yake ubavuni mwa manowari aliyoibuni na kuichora. Alitaka izishinde meli zote kwa mbio, kwa hiyo tangu siku ya kwanza alipigana na uzito. Alipunguza unene wa chuma, akaondoa mbao za sakafu, na hata rangi akaamuru ipakwe mara moja tu, maana rangi nayo ina uzito.

Aligonga ubavu kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi. Kutoka ndani akagongewa.

"Nani?" sauti ikauliza, karibu kabisa na sikio lake.

"Mchoraji wa meli hii. Na wewe?"

"Gideon, mchochea makaa. Nimekuja kutazama mahali nitakapolala. Hongera, bwana! Wanasema hakuna kitakachotukamata."

"Hakuna."

"Ila nakusikia kana kwamba tumekaa meza moja. Hapa ukutani bado wataongeza kitu, sivyo?"

Ambrose alikitazama kile chuma. Maelezo ya wembamba wake alikuwa nayo, na yote yalikuwa sahihi.

"Rangi," alisema.

"Rangi tu?"

"Rangi tu."

 Kisha Gideon akacheka, kicheko cha kumwondolea mwenzake aibu. "Basi waambie wapake nzito, bwana."

Mafundi waliporudi walimkuta Ambrose amevua koti, amepiga magoti juu ya jukwaa, anapaka rangi kwa mara ya pili sehemu moja tu, yenye ukubwa wa kitanda cha mtu mmoja.