Ndoo Mbili kwa Kaya

Tangu matokeo ya utafiti yaanze kuwa sheria siku yanapotangazwa, bomba la Mwanaheri hujifunga baada ya ndoo mbili kwa siku. Utafiti ulithibitisha kwamba kaya za mtaa wake hutosheka na kiasi hicho. Mama yake amepooza, na shuka zake huhitaji kufuliwa mara tatu kwa siku.

"Wewe mwenyewe ulisema mnatosheka," alisema Mbwilo, karani wa utafiti, akimwonyesha jibu lake kwenye kishikwambi.

"Ulikuwa mgeni, kaka. Umekaa kwenye mkeka wangu, unakunywa chai yangu. Nianze kukulilia shida?"

"Kaya mia nne zilijibu hivyohivyo."

"Zote zilikupa chai?"

Mbwilo alikirudisha kishikwambi mapajani.

"Basi andika sasa. Maji hayatutoshi. Mama ana vidonda mgongoni kwa kulalia shuka chafu."

Mbwilo aliandika neno kwa neno, akamgeuzia kishikwambi asome. Jibu lilikuwa tayari limekatwa kwa mstari mwekundu, na chini yake mashine imeeleza: limetofautiana mno na wastani, limeondolewa.

"Samahani, dada," alisema Mbwilo, akiinuka. "Wiki hii wewe ni wa mia tatu na kumi kuondolewa hivi."