Ukuta wa Salha

Siku hizi kila nyumba yenye mtoto mwenye usonji ina picha hai ya ubongo wake ukutani, pale sebuleni. Akijifunza jambo kwenye mazoezi yake ya tabia, njia mpya ya neva inawaka humo, kijani. Ya Salha wangu inawaka kama nyumba ya harusi. Waliosema hataongea kamwe, waje waone!

Jana mama yangu alikuja kutoka Lushoto. Salha akamwendea mwenyewe, akamtazama usoni.

"Shikamoo, bibi."

Miaka sita mama aliisubiri salamu hiyo. "Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia huku machozi yakimtoka, akafungua mikono amkumbatie.

Lakini Salha alikuwa ameshaugeukia ukuta, aone kama njia mpya imewaka.

Nami pia.