Dawa ya Nyegere

Ilikuwako jela ya wanyama, na mkuu wake Nyegere alikuwa na dawa moja tu kwa mfungwa aliyechanganyikiwa: chumba cha giza. Kima alipoanza kujigonga kichwa ukutani, akilia kwamba anasikia sauti, alisukumiwa humo.

"Anajifanya tu," Nyegere aliwaambia askari. "Akinyamaza, amepona."

Siku ya tatu Kima akanyamaza. Nyegere akaingia kumtazama, mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake, na ufunguo umebaki nje. Alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Askari wakaendelea kunywa chai.

"Kima huyo kaanza tena," walisema. "Akinyamaza, amepona."

Gizani mkono mdogo ukamshika Nyegere bega.

"Usinyamaze, afande," Kima alinong'ona. "Ukinyamaza, watasema umepona."