Jeni Zilizogoma

Ko, ko, ko. Shoka lilisikika kwenye simu kabla ya sauti ya baba mdogo.

“Ule mbuni mkongwe nauangusha, kahawa mpya zipate nafasi. Si ulijigamba miche yake imejaa huko maabara?”

Huko maabara, kijana alikuwa ameshika chupa. Ndani, kipande cha jani la mbuni huohuo, pekee usiougua ugonjwa wa kutu ya majani shambani, kilikuwa kimenenepa tu na kuwa donge la manjano. Jeni za kukigeuza mche ziligoma kuamka, licha ya dawa juu ya dawa. Alitamani kuibamiza chupa ukutani.

“Haya, umeshaanguka. Sasa nang'oa kisiki, profesa.”

Aliiweka chupa mezani. “Baba, kisiki usikiguse. Sina hata mche mmoja. Nakuja leo, na nitakilinda mwenyewe mpaka kichipue.”